Bega lililoumia baada ya chanjo ya mafua: je, mhamiaji anaweza kudai fidia Marekani?

#1 BintiPangani (Minnesota)
Habari za jioni, wanajamvi. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Minnesota, na kila mwaka baridi inapokaribia mwajiri hututaka tuchanjwe mafua kabla ya kupangiwa zamu. Septemba mwaka jana nilichanjwa katika duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Kijana aliyenichoma alikuwa amesimama nami nimeketi, na kwa kuwa mikono ya sweta yangu ilikuwa inabana, aliivuta shingo ya nguo ikateremka begani badala ya kunipeleka nyuma ya pazia nikaivua. Sindano iliingia juu kabisa, karibu na mfupa. Usiku ule ule mkono wa kushoto ulikataa kupanda, na hadi leo siwezi kufunga kitambaa kichwani bila kukiinamisha kichwa kiufuate mkono. Daktari anasema bega linaganda. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Liberia ananiambia kuna mfuko wa serikali unaowalipa watu wa namna yangu. Naomba mnisaidie: mfuko huo upo kweli? Asiye raia anaruhusiwa kudai? Anayeshtakiwa ni nani hasa, na nikidai sitakuwa nimejiharibia kazini?

#2 KaraniWaSheria (Maryland)
Pole sana, dada. Mfuko upo. Nimefanya kazi katika ofisi ya mawakili wa kesi hizi, ila mimi si wakili, kwa hiyo yachukue haya kama maelezo ya utaratibu tu.

Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1986, na Mpango wa Taifa wa Fidia kwa Madhara ya Chanjo ukaanza kazi mwaka 1988. Fedha zake zinatokana na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja, hivyo chanjo ya mafua huchangia senti 75, na ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela huchangia dola 2.25. Hulishtaki duka la dawa, wala kijana aliyekuchoma, wala mwajiri wako. Dai hufunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington, mdaiwa akiwa Waziri wa Afya, ambaye hutetewa na mawakili wa Wizara ya Sheria. Husikilizwa na mmoja wa mahakimu maalumu, ambao kwa jumla hawazidi wanane.

Tangu Machi 21, 2017, jeraha la bega linalotokana na uchomaji wa chanjo, ambalo sisi wa ofisini huliita SIRVA, limo katika Jedwali la Madhara ya Chanjo, yaani orodha rasmi ya madhara yanayotambuliwa na mfuko. Ukiyatimiza masharti ya Jedwali, sheria inachukulia kwamba chanjo ndiyo chanzo, wala hutakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Bega hilo lisiwe na historia ya maumivu au udhaifu kabla ya chanjo; maumivu yaanze ndani ya saa 48; maumivu na upungufu wa kuzungusha mkono viishie kwenye bega lililochomwa; na kusiwe na hali nyingine inayoweza kuyaeleza. Zaidi ya hayo, madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yawe yamekulaza hospitali na kufanyiwa upasuaji. Muda wa kufungua dai ni miaka 3 kuanzia dalili ya kwanza, si kuanzia siku daktari alipoupa ugonjwa jina. Uraia si sharti kwa aliyechanjwa ndani ya Marekani.

#3 SimbaWaHouston (Texas)
Dada, usiridhike na mfuko. Tafuta wakili mkali umshtaki mtengenezaji wa chanjo moja kwa moja. Hapa Houston kuna jamaa ambaye binamu yake alilipwa mamilioni, na wakili alichukua theluthi tu.

#4 KaraniWaSheria (Maryland)
Kaka Simba, binamu wa jamaa huyo hakulipwa kwa njia hii. Sheria ya 1986 inamtaka mwenye madai ya zaidi ya dola 1,000 dhidi ya mtengenezaji au mchomaji aanze kwanza kwenye mfuko. Baada ya hukumu anaweza kuikataa na kwenda mahakama za kawaida, lakini mwaka 2011, katika kesi ya Bruesewitz dhidi ya kampuni ya Wyeth, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilifunga mlango wa madai kwamba chanjo ilibuniwa vibaya. Ndani ya mfuko, malipo ya maumivu na mateso yana ukomo wa dola 250,000, na mabega mengi hayaufikii. Bega lisilofanyiwa upasuaji kwa kawaida huishia kwenye makumi ya maelfu. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa kando.

Na ile theluthi haipo kabisa. Wakili haruhusiwi kukata chochote kwenye fidia ya mteja. Mfuko ndio unaomlipa, hata mteja akishindwa, ilimradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi wa kuridhisha. Wakili akikutaka utie sahihi mkataba wa asilimia katika kesi ya namna hii, ondoka ofisini kwake.

#5 SimbaWaHouston (Texas)
Nimekuelewa, Karani, lakini binamu huyo ana gari jipya, na gari hilo nimeliona kwa macho yangu.

#6 MzeeKigogo (Ohio)
Ninampa pole binti yetu, ila mtu mmoja lazima aseme lisilopendeza. Nimewahudumia wazee Columbus kwa miaka mingi. Kazi yetu ni kuwainua watu wazito kutoka kitandani, kuwageuza, na kuwakamata wanapoteleza bafuni. Sijaona mfanyakazi wa kazi hii aliyevuka miaka 45 akiwa na mabega mawili mazima. Chanjo huchomwa Septemba na bega huuma Septemba, lakini bega hilo lilikuwa likichakaa tangu Januari. Je, tusiilaumu mashine ya kuinulia wagonjwa ambayo mwajiri alikataa kuinunua?

#7 MuuguziMombasa (Texas)
Mzee wetu, shikamoo. Mashine hiyo hata mimi ninaililia, lakini uchakavu hauji usiku mmoja. Maelezo ya dada katika bandiko la kwanza ni yale yale tunayofundishwa kuyaepuka. Ukitafuta kwa kidole ncha ya mfupa wa bega, unashuka upana wa vidole viwili hadi vitatu ndipo unachoma, katikati ya nyama nene ya msuli wa deltoidi. Juu ya hapo, chini kidogo ya ngozi na msuli, kuna kifuko chembamba chenye majimaji kinachozuia kano zisisuguane na mfupa. Chanjo ikimwagwa ndani ya kifuko hicho, mwili unaishambulia pale pale ilipo, na kano zilizo jirani zinaungua pamoja nayo.

Mchomaji akisimama na mchomwaji ameketi, mkono wa mchomaji hushuka kutoka juu na sindano huelekea juu mno. Ndiyo maana wote wawili wanatakiwa kuketi. Kuivuta shingo ya nguo ni kosa baya zaidi, kwa sababu nguo yenyewe hufunika mahali panapofaa na kuacha wazi mahali pasipofaa. Tena kwa mtu mwembamba, sindano ya inchi 1 hufika mbali kuliko inavyofika kwa mtu mnene. Mwaka 2010 madaktari waliopitia mafaili ya mfuko huo huo walichapisha maelezo ya wagonjwa 13 wa aina hii, karibu nusu yao wakisema walichomwa juu mno, na jina SIRVA limetokana na makala hiyo.

#8 DaktariMstaafu (Tanga)
Ninaunga mkono maelezo ya Muuguzi kuhusu mahali pa kuchoma, lakini ningependa tusiharakishe kuhitimisha. Bega kuganda ni ugonjwa unaojulikana tangu zamani, unaowapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara nyingi kuliko wengine. Matatizo ya tezi ya shingo nayo yamo. Huanza bila sababu inayoonekana, na mgonjwa, kama ilivyo kawaida ya binadamu, hutafuta tukio la karibu la kulibebesha lawama. Aidha, ukiwapiga picha ya MRI watu wazima wasio na maumivu yoyote, utakuta wengi wana kano zilizochanika kidogo bila wao kujua. Picha ya mgonjwa ikionyesha mchaniko, haituambii umechanika lini wala kwa sababu gani.

Kisha, kuna maelezo mawili ndani ya maelezo ya Muuguzi, na wenzangu wanabishana juu yake: je, kinachoumiza ni ncha ya sindano iliyokwaruza kano au mfupa, au ni kinga ya mwili inayoipiga chanjo iliyokaa pasipo pake? Kama ni ncha, hata sindano ya maji ya chumvi ingeumiza. Kama ni kinga, ncha haina kosa kubwa. Sijaona jibu linalonitosheleza.

#9 KaraniWaSheria (Maryland)
Daktari, hoja zako ndizo hasa zinazoandikwa katika majibu ya serikali, na kitabibu sina la kupinga. Ila kisheria mzigo huhama. Mdai akishatimiza masharti ya Jedwali, ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba chanzo ni kingine, na sababu isiyojulikana haikubaliki kuwa chanzo kingine. Hakimu hamwulizi dada yetu kama ni ncha au ni kinga ya mwili. Anauliza: lilianza lini, liliandikwa wapi, na kabla ya hapo bega lilikuwaje?

Mzee Kigogo, kwako vilevile. Uchakavu uliolala kimya bila maumivu si historia ya maumivu. Lakini kama faili lake lina ziara ya miaka miwili iliyopita inayosema bega la kushoto linauma baada ya kumwinua mgonjwa, hapo kesi itakuwa ngumu, na atalazimika kuthibitisha kwa ushahidi wa mtaalamu kwamba chanjo ndiyo chanzo, nje ya Jedwali.

#10 MamaTukwila (Washington)
Nimepitia njia hii, kwa hiyo nitasema lililonipata. Nilichanjwa pepopunda pamoja na kifaduro kabla mjukuu wangu hajazaliwa, kwa sababu hospitali iliwataka watakaomshika mtoto wawe wamechanjwa. Bega liliuma usiku huo. Nilikunywa dawa za maumivu, nikajipaka mafuta ya mikaratusi, nikasubiri lipoe kama tulivyolelewa kusubiri, na kwa daktari nilikwenda miezi mitatu baadaye kwa ajili ya shinikizo la damu. Bega nililitaja mlangoni wakati ninaondoka. Msaidizi wake akaandika kwamba maumivu ya bega yana wiki kadhaa.

Maneno hayo ndiyo serikali iliyoyashika. Ikasema kwamba wiki kadhaa si miezi mitatu, kwa hiyo saa 48 hazikutimia. Kilichoniokoa ni ujumbe niliomwandikia mdogo wangu wa Arusha usiku wa chanjo, kwamba mkono umekuwa mzito siwezi kugeuza ugali. Ujumbe ulikuwa na tarehe na saa. Wakili akautafsirisha, mdogo wangu akala kiapo, na mwanangu pia. Kesi ilichukua karibu miaka mitatu na ikaisha kwa makubaliano kabla ya kusikilizwa. Kiasi sikitaji, kwa sababu nina ndugu wengi na baadhi yao wamo humu.

#11 MzeeKigogo (Ohio)
Mama Tukwila, shemeji yako wa Columbus anakusalimu na kukukumbusha lile deni la mchango wa harusi.

#12 MamaTukwila (Washington)
Nilijua utakuwa wa kwanza.

#13 KaraniWaSheria (Maryland)
Kisa cha Mama kina mafunzo mengi kuliko bandiko langu. Sheria yenyewe inamruhusu hakimu kuamua kwamba dalili zilianza ndani ya muda hata kama hazikuandikwa wakati huo, au ziliandikwa kwa makosa. Lakini sheria hiyo hiyo inamkataza kumlipa mdai kwa maneno yake matupu yasiyoungwa mkono na faili la matibabu au maoni ya daktari. Ujumbe wa simu, kiapo cha ndugu na ombi la kupunguziwa zamu ndivyo vinavyoziba pengo hilo. Nyongeza moja: maamuzi ya mahakama hii huwekwa hadharani yakiwa na jina la mdai, na mwenye kutaka taarifa zake za kitabibu zifichwe hupewa siku 14 kuomba baada ya uamuzi kutolewa. Wengi wa jamii yetu hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

#14 MkongoWaLouisville (Kentucky)
Ndugu zangu, asante kwa uzi huu. Mimi nilichanjwa kambini Nyarugusu, Kigoma, wakati wa kutayarishwa kusafiri kama mkimbizi. Bega liliuma tangu kule na nilifika Kentucky mwezi uliofuata. Je, niko ndani au nje?

#15 KaraniWaSheria (Maryland)
Swali zuri na gumu. Sheria inamkubali aliyechanjwa nje ya nchi katika hali chache: mwanajeshi au mtumishi wa serikali ya Marekani aliye raia, pamoja na wanaomtegemea, au mtu aliyechanjwa kwa chanjo ya mtengenezaji aliyeko Marekani kisha akarejea Marekani ndani ya miezi 6. Kwanza utahitaji kadi ya chanjo inayoonyesha mtengenezaji na namba ya toleo. Pili, serikali itasema kwamba mtu anayefika mara ya kwanza hakurejea popote.

#16 SimbaWaHouston (Texas)
Hilo ni la kubishaniwa. Mkimbizi aliyekubaliwa na serikali ya Marekani, akachanjwa kwa matakwa ya serikali hiyo hiyo, anafungiwa mlango kwa kuwa hakuwahi kuondoka Marekani akarudi? Mimi ningelipeleka mahakamani kwa dhamiri safi.

#17 MzeeKigogo (Ohio)
Dhamiri safi haisogezi herufi za sheria, Simba. Bunge lilikuwa likiwafikiria watu wao waliosafiri.

#18 NesiWaDallas (Texas)
Langu lilitokana na chanjo ya korona mwaka 2021. Nadhani mfuko ni huo huo, kwa hiyo ninajiunga na foleni.

#19 KaraniWaSheria (Maryland)
Si huo, dada, na tofauti ni kubwa. Chanjo za korona zimewekwa chini ya mpango mwingine wa fidia, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 ya kujiandaa kwa dharura. Huko hakuna mahakama. Maombi huamuliwa na watumishi wa Wizara ya Afya. Muda ni mwaka 1 tu kuanzia siku ya chanjo. Maumivu na mateso hayalipwi, ada ya wakili hailipwi, na kinacholipwa ni gharama za matibabu na mshahara uliopotea ambavyo bima au chanzo kingine hakikulipa. Kwa chanjo ya mwaka 2021 umeshachelewa.

Chanjo ya mkanda wa jeshi nayo haimo katika mfuko wa 1986, kwa sababu mfuko huo hugusa chanjo zinazopendekezwa kwa watoto au wajawazito kwa kawaida. Mwenye bega la mkanda wa jeshi humshtaki mchomaji kwa uzembe katika mahakama za jimbo lake, na huko ndiko Simba na binamu wa jamaa yake wanakoweza kukutana na wakili wa theluthi.

#20 MsafiriLeicester (Uingereza)
Kwa walioko huku: Uingereza ina mpango wa malipo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, unaolipa pauni 120,000 kwa mkupuo, lakini ni kwa aliyepata ulemavu wa asilimia 60 au zaidi. Bega moja lililoganda haliwezi kufika huko. Kinachobaki ni kumshtaki mchomaji kwa uzembe ndani ya miaka 3.

#21 MwanafunziWaSheria (Dar es Salaam)
Na nyumbani? Kwa Tanzania bara sijaona mfuko wa aina hiyo kwa chanjo za kawaida. Mdai anabaki na kesi ya uzembe, ambayo Sheria ya Ukomo wa Madai inaipa miaka 3, na kama mchomaji ni mtumishi wa zahanati ya serikali lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Kenya miaka ni hiyo 3, ila dhidi ya serikali ni miezi 12. Wakati wa korona, nchi za kipato cha chini na cha kati zilizopata chanjo kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona, ziliwekewa mpango wa fidia usiohitaji kuthibitisha kosa, lakini ulihusu kifo na ulemavu wa kudumu unaotokana na madhara makubwa.

#22 DaktariMstaafu (Tanga)
Katika miaka yangu ya kazi sikuwahi kumwona mgonjwa aliyelalamikia bega la chanjo. Tuliwachanja zaidi watoto wachanga pajani na wajawazito mkononi. Sijui kama mabega ya wajawazito wetu hayakuuma, au yaliuma na hakuna aliyewauliza.

#23 MuuguziMombasa (Texas)
Yaliuma, daktari. Mama yangu mdogo alilalamika na akaambiwa apunguze kuchota maji.

#24 BintiPangani (Minnesota)
Ninawashukuru wote. Nimeomba faili langu kliniki na limenitia wasiwasi. Ukurasa wa kwanza unasema maumivu ya bega la kushoto, mgonjwa anafanya kazi ya kuinua wazee. Sikusema kwamba niliumia nikiinua. Niliulizwa kazi yangu nikajibu. Meneja naye ananishauri nijaze fomu ya fidia ya wafanyakazi kwa kuwa chanjo ilikuwa ya lazima. Je, nikijaza nitakuwa nimefunga mlango wa mfuko?

#25 KaraniWaSheria (Maryland)
Kufungua dai la fidia ya wafanyakazi hakufungi mlango, kwa sababu kinachokatazwa ni kuwa umeshalipwa kwa kesi ya madai. Ila mfuko haulipi kile ambacho fidia ya wafanyakazi imeshalipa au inapaswa kulipa. Hatari halisi ni maneno. Ukiandika kwenye fomu ya mwajiri kwamba bega limetokana na kazi, karatasi hiyo itafika Washington. Andika lililotokea: chanjo iliyotakiwa kazini, tarehe, mkono, na saa maumivu yalipoanza.

Kuhusu kliniki, una haki kisheria kuomba faili lirekebishwe au maelezo yako yaambatishwe. Usiombe maneno yafutwe. Omba tarehe ya kuanza kwa maumivu iongezwe. Pia omba duka la dawa likupe kumbukumbu ya chanjo yenye namba ya toleo na mkono uliochomwa.

#26 DaktariMstaafu (Tanga)
Nami nitaongeza: apimwe sukari na tezi, na aendelee na fiziotherapia hata kama haoni nafuu. Bega lililoganda huweza kuachia lenyewe, lakini huchukua mwaka hadi mitatu, na lisipozungushwa hukaza zaidi.

#27 KaraniWaSheria (Maryland)
Apimwe, bila shaka, afya kwanza. Ila ajue kwamba sukari ikionekana, serikali itaitumia. Na kliniki zikikatika kwa miezi kadhaa, serikali husema bega lilipona katika kipindi hicho.

#28 MzeeKigogo (Ohio)
Nina swali ambalo hamtalipenda. Muuguzi ametueleza kwamba tatizo ni mchomaji kusimama na kuivuta shingo ya sweta. Kama ni hivyo, hili ni kosa la mkono wa mtu, si madhara ya chanjo. Kwa nini mfuko wa chanjo uulipie uzembe wa kijana wa duka la dawa, na duka lisilipe hata senti?

#29 KaraniWaSheria (Maryland)
Mzee, hujawa peke yako. Januari 2021 Wizara ya Afya ilitoa kanuni ya kuiondoa SIRVA kwenye Jedwali kwa hoja hiyo hiyo. Aprili 2021 kanuni ilifutwa kabla haijaanza kutumika. Wapo wanaosema kuondolewa kwake kungewarudisha wauguzi na wafamasia mahakamani na kuwafanya waogope kuchanja.

#30 MuuguziMombasa (Texas)
Tungeogopa, ndiyo. Huchomi watu mia kwa siku moja ukijua kila bega ni kesi. Lakini ninamkubalia Mzee nusu: pasipo anayelipa dukani, hakuna anayenunua viti viwili na pazia.

#31 BintiPangani (Minnesota)
Kumbukumbu ya duka la dawa imefika. Namba ya toleo ipo na tarehe ni sahihi. Mkono ulioandikwa ni wa kulia.

#32 SimbaWaHouston (Texas)
Basi wameificha makusudi. Wamejua wamekosea.

#33 MuuguziMombasa (Texas)
Sidhani. Katika baadhi ya maduka, mfumo wa kompyuta hujazwa kaunta kabla ya mtu kuketi, na mkono huchaguliwa kabla ya kuulizwa. Nimeona siku nzima ya wateja walioandikwa mkono mmoja.

#34 DaktariMstaafu (Tanga)
Au fomu ya ridhaa ilijazwa na dada mwenyewe akitia alama mkono wa kulia, kisha akatoa wa kushoto kwa kuwa hautumii sana. Hilo nalo hutokea, na ndiyo sababu nasisitiza tusikimbilie tafsiri moja.

#35 MzeeKigogo (Ohio)
Serikali itachagua maelezo ya nne: kwamba alichomwa kulia na kushoto kunauma kwa sababu ya bibi mwenye kilo 110 wa chumba cha mwisho.

#36 KaraniWaSheria (Maryland)
Itajaribu, lakini mahakimu hawa wamelikuta jambo hili mara nyingi, na wanajua jinsi kisanduku cha mkono kinavyojazwa. Daktari wa kwanza aliyekuona aliandika bega la kushoto baada ya chanjo? Kama aliandika, hiyo ina uzito. Omba nakala ya fomu ya ridhaa yenye sahihi yako, si chapa ya kompyuta pekee, na ukimpata mwenzako aliyekuona kazini siku iliyofuata ukiwa na mkono uliolegea, mwombe aandike sasa akiwa bado anakumbuka. Tovuti ya Mahakama ya Madai ya Shirikisho ina orodha ya mawakili wanaokubali kesi za chanjo. Wanafanya kazi nchi nzima, kwa hiyo si lazima awe wa Minnesota. Usimpigie ukiwa na swali la pesa. Mpigie ukiwa na karatasi hizo mkononi.

#37 BintiPangani (Minnesota)
Aliandika kushoto, na neno chanjo lipo. Fomu ya ridhaa nitaifuata Jumatatu, na safari hii nitaongozana na yule Mliberia.